Gazeti la Mpira Barazani Kwetu, Janga

Mume wangu alikuwa mkweli wa kupitiliza, isipokuwa kwenye mpira. Akisema atarudi Jumatano, alirudi Jumatano hata mvua inyeshe vipi. Akiazima jembe la mtu, alilirudisha limeoshwa. Mtoto akidanganya pale nyumbani, kesi yake ilisikilizwa mpaka chakula kinapoa. Lakini timu yake ikifungwa, jamani, ulimi wa yule bwana ulikuwa unahama njia kabisa, tena kwa uso mkavu, wala hapepesi.

Tulikaa Janga, upande wa Mlandizi. Enzi zile za kupangwa vijijini, nyumba yetu iliangukia kando ya njia inayokwenda shamba la kijiji, ikawa kila anayetoka kulima lazima apite kwetu. Tukajenga baraza refu la udongo, watu wakalifanya lao. Mume wangu alitunza bustani ya ofisi moja kule Tumbi, akilala huko huko kazini, na kurudi nyumbani kwa baiskeli kila Jumatano jioni na Jumamosi. Wakubwa wa ofisini wakishayasoma magazeti yao walimwachia yeye, naye aliyaleta ndani ya shati, yamelowa jasho. Habari zote za dunia zilitufikia zikiwa na chumvi, na sisemi ya jasho peke yake.

Kwa hiyo mechi ya wikiendi, sisi Janga tuliicheza Jumatano. Jua likishapoa, wanaume walitandaza mikeka, balozi wa nyumba kumi akapewa kigoda chake, na mimi nikakaa mlangoni na ungo wangu wa mchele. Mume wangu alikohoa. Alizisoma habari za viongozi mbio mbio kama anayemeza dawa chungu, maana alijua watu wamejia nini. Halafu akaligeuza gazeti, ukurasa wa nyuma ukawa mbele, akavuta pumzi. Watoto waliokuwa wanapiga kelele walikatwa jicho moja tu wakanyamaza.

Sasa hebu nieleze na hili, msije mkasema namwonea. Mimi na yeye tulikuwa wa zile timu mbili kubwa za Dar es Salaam, yeye ya kwao na mimi ya kwetu. Sizitaji. Anayezijua anazijua, na asiyezijua ana bahati, analala usingizi. Mimi timu yangu niliipata nikiwa mwali, nilipokaa kwa shangazi yangu Kariakoo, ambako siku ya mechi hata muuza ubuyu alikuwa hasemi na wewe mpaka ajue uko upande gani. Nilipoolewa Janga, nilikuja na sanduku, na sufuria za mama, na timu yangu. Mume wangu alivipokea viwili vya kwanza kwa furaha.

Timu yake ikishinda, alisoma kila neno. Alisoma na jina la aliyerusha mpira. Akifika kwenye bao anainuka, anashusha sauti, anaipandisha, mpaka watu wazima wanashika vichwa. Timu yangu nayo ikifungwa, alisoma taratibu, kwa huruma ya uongo, akinitazama juu ya gazeti. Lakini ikitokea timu yake imelala, au timu yangu imeshinda, basi mechi ile ilikuwa imeahirishwa. Kwa nini? Mvua.

Na alivyoisimulia hiyo mvua! Wingu lilitanda kutokea upande wa baharini. Upepo ukaangusha kibendera cha kona. Refa akatazama juu, akatazama chini, akaona maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, akawaita manahodha wote wawili wakashauriana kiungwana. Mlinda mlango wa timu fulani akateleza akaenda mpaka kwenye viti vya wageni. Watu tulicheka mpaka tukafuta machozi. Nasema ukweli wangu: katika waandishi wote wa mpira niliokuja kuwasoma baadaye, na nimewasoma wengi, hakuna aliyeniweka uwanjani kama mume wangu alivyoniweka kwenye mechi ambayo haikuahirishwa.

Mtu atauliza, kwani hapakuwa na mwingine wa kulisoma gazeti lile? Walikuwepo. Balozi alisoma zamani, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha, herufi za gazeti hazioni. Mwenyekiti wa kijiji alisoma vizuri sana, ila naye alikuwa timu moja na mume wangu, na siku za mvua alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa na kusikitika. Waliobaki walikuwa wanaanza anza kama mimi. Tena mume wangu alikuwa mjanja. Akishamaliza kusoma tu, aliuchana ule ukurasa wa nyuma vipande vipande akawagawia wavuta tumbaku wasokote sigara. Ushahidi wote ulivutwa pale pale, ukapanda juu kwa moshi.

Redio ilikuwepo, moja, ya mwenyekiti huyo huyo. Mtangazaji wa mpira wa enzi zile, nyie acheni. Alikuwa na kifua. Mpira ukiwa katikati ya uwanja anaongea kama mtu anayekusimulia habari za msibani, pole pole; ukisogea golini sauti inapanda, maneno yanakimbizana, nawe unajikuta umesimama na mwiko mkononi hujui ulisimama saa ngapi. Mpaka leo siamini kama wachezaji wenyewe walikuwa na mbio kama za mdomo wake. Lakini betri za redio zilikuwa adimu. Duka la kijiji lilizileta kwa msimu kama mvua za vuli, na mwenyekiti aliziweka kwa ajili ya taarifa ya habari. Zikichoka alizianika juani kwenye bati ili ziongeze maisha, kuku wanazidonoa. Mpira tuliusikia akijisikia yeye.

Basi kaka yangu akaja kututembelea. Ni kuli wa bandarini, mtu wa maneno mengi, na ndiye aliyeniingiza kwenye timu yangu tangu utoto. Tumekaa, tumekula, akamgeukia mume wangu akacheka: "Shemeji, poleni bwana. Mechi ile mlichapwa mpaka sisi wenyewe tukawaonea huruma."

Mume wangu akainuka kwenda kuitazama baiskeli, eti imetoa upepo.

"Mechi gani?" nikamuuliza kaka.

Akanitajia. Ilikuwa ile ya refa na maji ya vifundoni. Nikamuuliza na ile ya kabla yake, ambayo radi ilipiga nguzo. Tulishinda. Na ile ya mafuriko ya Jangwani? Tulishinda, tena kaka yangu alibebwa mabegani siku ile. Msimu mzima timu yangu ilikuwa inashinda, watu Dar wanacheza ngoma barabarani, na mimi niko Janga nachambua mchele nasikiliza mvua.

Niliumia. Msicheke. Furaha hazitujii nyingi sisi wanawake wa shamba. Unaamkia kisimani, unashinda kwenye mihogo, jioni moshi unakutoa machozi. Zile chache zilizokuwa zangu, mwenye nyumba alizikalia. Usiku ule sikumsemesha, na asubuhi alipoondoka kwenda Tumbi nilimwambia kwaheri nikiwa nimempa mgongo.

Jumatano iliyofuata akaja, akakohoa, akageuza ukurasa wa nyuma. Akasoma kichwa cha habari kimoyomoyo.

"Mechi imeahirishwa," akasema. "Wingu zito..."

"Mvua gani hiyo?" nikasema kutoka mlangoni.

Baraza zima likageuka.

"Mvua gani," nikaendelea, "inayonyesha Dar kila timu yako ikicheza, na hapa mihogo inakauka tunaiona? Hiyo mvua inafika Kibaha inapandishwa basi inarudishwa?"

Wanaume wakaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka, lakini cha upande. Akasema, "Mama watoto, mimi nasoma yaliyoandikwa. Kama huamini, njoo usome mwenyewe."

Alinishika pabaya, na alijua. Nilikuwa nimeandikishwa kisomo cha watu wazima kama wenzangu wote, lakini mpaka siku ile nilichokuwa nimejifunza sawasawa ni kusinzia macho yakiwa wazi. Hasira zikanipanda mpaka kwenye masikio. Nikauweka ungo chini.

"Nitasoma," nikasema. "Mechi ya watani, timu yako na yangu, ikichezwa, gazeti lake nitalisoma mimi. Hapa hapa barazani, mbele yenu wote, kutoka juu mpaka chini."

"Thubutu!" akasema mwenyekiti.

"Na ukishindwa?" akauliza mume wangu. Hapo kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Sema wewe."

Akafikiri. Wallahi alifikiri vizuri, maana alinijua. "Ukikwama ukashindwa kuendelea, utahamia timu yangu. Utavaa rangi zetu, utatushangilia hapa barazani mbele ya watu, na kaka yako akija utamwambia kwa mdomo wako."

"Na nikisoma mpaka mwisho?"

"Ukisoma mpaka mwisho, gazeti ni lako. Nikilileta, unalishika wewe kwanza, na hakuna mvua tena."

Balozi akasema yeye ni shahidi, na asiyetimiza atamfikisha kwenye kikao. Kuhama timu, jamani! Dini mtu anaweza kubadili kwa sababu ya ndoa na watu wakamwelewa. Lakini timu? Ningemtazama vipi kaka yangu? Nililala siku ile nikiyaona mavazi yale yamenikaa mwilini, nikaamka natoka jasho.

Kesho yake nilifika darasani kabla ya mwalimu. Tulisomea kwenye shule ya watoto, jioni, magoti yetu hayaingii chini ya madawati. Mwalimu alikuwa binti wa bara, mpole, amepangiwa kwetu kutoka chuoni, na kitabu alichopewa kilifundisha kilimo bora cha pamba. Pamba! Sisi watu wa korosho na mihogo tulikuwa tunasoma namna ya kupalilia pamba ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikiota. Nilivumilia pamba ile kwa muda, halafu nikamfuata mwalimu pembeni.

"Mwalimu, mimi nataka kusoma mpira."

Akadhani nataka kucheza. Nilipomweleza yote, alicheka akakaa chini. Kisha akasema, "Mama, leta karatasi yoyote yenye habari za mpira, tutaisoma hiyo."

Nikazipata dukani. Muuza duka alifungia vitu kwa magazeti ya zamani, sukari, chumvi, dagaa, na nilimwomba aniwekee kila kipande chenye picha ya mtu aliyevaa kaptula. Nikajifunza kusoma kwa vipande vile. Shida yake ni kwamba havikuwa na mwanzo wala mwisho. Niliwahi kusoma mechi tamu, timu yangu inaongoza mpaka mapumziko, na kipindi cha pili kilikuwa kimefungia sukari ya nyumba nyingine. Nilikwenda nyumba ile kukiomba. Walikuwa wamekwisha kuwashia moto.

Lakini ndipo nilipowajua wale waandishi, na nikawapenda, na nawapenda mpaka leo. Kumbe kuna watu kazi yao ni kukaa juani wakitazama wenzao wakifukuzana na kitu cha ngozi, halafu wanarudi na maneno kama yale! Timu haifungwi tu, inagaragazwa. Mpira hauingii golini, unazitikisa nyavu. Mchezaji hampiti mwenzake, anamvisha kanzu na kumwacha amesimama. Hata timu zikicheza ovyo kabisa, wao wanaandika kwamba ilikuwa vuta nikuvute. Nikasema moyoni, watu hawa wangekuja kuandika habari za Janga, hata sisi tunavyopalilia mihogo ingekuwa tamu.

Maneno yao yakaniingia mdomoni. Mbuzi akiingia jikoni nilimpigia kelele binti yangu, "Wewe mlinda mlango gani?" Mvua ikininyima kukausha nguo, nilisema nimetoka sare. Mume wangu akija siku zake ananikuta natamka shuti kali huku natwanga, anaguna, anakwenda zake kuoga. Siku moja nilimwona amesimama nyuma ya nyumba ananisikiliza nikisoma kipande cha dagaa. Sikumwonyesha kuwa nimemwona. Alisimama muda mrefu kidogo, kisha akaondoka kwa kunyata.

Korosho zilipoanza kuanguka, mechi ya watani ikafika. Mwenyekiti alikuwa amezitunza betri kwa ajili hiyo. Tulijaa uani kwake, mtangazaji akapanda na kushuka, kipindi cha kwanza hakuna bao. Kipindi cha pili hakijakolea, redio ikaanza kukoroma, sauti ikaenda ikiisha, mwenyekiti akaipiga kibao, akazitoa betri akazisugua kwenye suruali, akazirudisha. Wapi! Ikazima na mpira uko miguuni mwa mtu, hatukujua hata wa timu gani.

Siku zilizofuata tulihangaika na abiria wa basi la Mlandizi. Huyu anasema wameshinda hawa, yule anasema wameshinda wale, wa tatu anasema refa amekimbizwa. Kila mmoja alisema cha timu yake. Balozi akaamua kwamba hakuna atakayeaminiwa. Tungesubiri gazeti, na gazeti ningelisoma mimi.

Jumatano ile mume wangu alirudi mapema. Nilimwona kutoka mbali anaisukuma baiskeli, hakuipanda, na uso wake umeanguka. Aliniamkia kwa upole ambao haukuwa wake. Akanywa maji, akakaa, akainuka, akakaa tena. Gazeti lilikuwa bado kifuani.

"Mke wangu," akasema, "haya mambo tulisema kwa hasira tu. Si lazima usome leo. Tuwaambie watu gazeti halikupatikana."

Kumekucha! Nikasema moyoni, wamefungwa! Mtu huyu amefungwa mpaka miguu haina nguvu ya kuendesha baiskeli, sasa anataka kuahirisha na mimi. Nilitaka kuruka.

"Nisisome?" nikamwambia. "Nimejifunza pamba mpaka nimeota maua, halafu nisisome? Leta hapa."

"Mama watoto, nisikilize..."

"Leta."

Akanipa. Nikavaa kanga yangu mpya, nikatoka barazani kwa maringo yote niliyonayo. Watu walijaa mpaka njiani. Mwalimu naye alikuja, amesimama nyuma anatafuna kucha. Mwenyekiti aliniachia mkeka wake, akaenda kusimama njiani. Nilikaa, nikakohoa kama mwenye nyumba anavyokohoa, watu wakacheka, nikaligeuza gazeti.

Kichwa cha habari kilikuwa na herufi kubwa kama vidole. Nikaanza kwa sauti ya juu, kwa furaha, na lile jina la kwanza lilikuwa la timu yangu. Nikalitamka kwa kishindo. Neno lililofuata nililipima kwanza kwa midomo, bila sauti, silabi moja moja: ya-ga-ra-ga-zwa.

Nikarudisha kidole nyuma.

Nikalirudia kwa macho, nikidhani nimekosea. Sikukosea. Mabao matatu, bila majibu. Kumbe mume wangu hakuwa amefungwa. Alikuwa ameshinda, kwa ushindi ambao angeusimulia mpaka wajukuu, na njia nzima kutoka Tumbi alikuwa anafikiri namna ya kunificha.

"Amekwama," mtu akasema.

"Muacheni," akasema balozi. "Shemeji, endelea."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amekaa pembeni, anachora udongoni kwa kijiti, hainui uso. Katika watu wote pale, wa kunisahihisha walikuwa yeye, na mwenyekiti ambaye alikuwa mbali, haoni herufi, na mwalimu ambaye asingenisaliti. Nikajua nikisema wingu zito limetanda, hatatoa sauti. Angeniachia. Ushindi wake mkubwa kuliko wote angeumeza mzima, ungepita, na mimi ningebaki na gazeti na timu yangu. Neno mvua lilifika kwenye ncha ya ulimi, wala halikuhitaji kusomwa.

Nikainamisha kichwa, nikaanza tena kwenye kichwa cha habari. Safari hii nikakisoma chote.

Loh, yule mwandishi! Mungu ampe maisha marefu kama bado yupo, na kama hayupo amrehemu, lakini siku ile nilimlaani kila mstari. Alikuwa fundi. Angeandika ovyo ningepona. Bao la kwanza alilileta pole pole kutoka katikati ya uwanja, na mimi nikalileta pole pole, mguu kwa mguu, najua linakokwenda na siwezi kulizuia. Bao la pili beki wetu alivishwa kanzu. Nikamvisha mwenyewe kwa mdomo wangu. Kuna mahali timu yangu ilichachamaa, na neno lile lilikuwa limekatwa katikati, nusu juu nusu chini, nikalivuta kwa jasho mpaka likaunganika. Nikapata matumaini ya kijinga, nikasoma haraka nikidhani labda tutarudisha moja. Shuti letu likagonga mwamba. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa kanga, nikashika mstari kwa kidole nisiupoteze.

Bao la tatu nililisoma sauti imekauka. Hakuna aliyeshangilia. Watu wa timu ile walikuwa pale wamejaa, wameshinda, na walikuwa wanatazama kidole changu kinavyotembea. Nikasoma majina ya wachezaji wetu wote waliofungwa, mmoja mmoja. Nikasoma jina la refa. Nikafika kwenye nukta.

"Amesoma," akasema balozi.

Hapo ndipo wenye kushinda wakakumbuka kwamba wameshinda. Zikapigwa kelele ambazo sijawahi kuzisikia Janga, mwenyekiti akarusha kofia, vigelegele vikatoka kwa wake zao, na wanawake wa kisomo nao wakapiga vya kwao, kwa sababu nyingine, vikachanganyika. Mwalimu alikuja akanishika mabega. Wale wa timu yangu waliondoka wa kwanza, wengine wakinigusa mkono wakipita. Baraza likapungua, kelele zikahamia kwa mwenyekiti, na mwanga ulikuwa bado unatosha.

Nilikuwa nimeumia, siwezi kusema vingine. Timu yangu ilikuwa imefungwa mabao matatu na nilikuwa nayo yote kifuani. Lakini gazeti lilikuwa mapajani mwangu, na chini ya ile habari ya mechi palikuwa na nyingine, fupi, imebanwa kwenye kona, wala haikuwa na picha. Hakuna aliyeniomba niisome. Nikaanza. Sikutoa sauti, na nikashangaa kuona midomo yangu imetulia, maneno yanaingia yenyewe moja kwa moja, mpaka mstari wa mwisho unaelekea kwenye ukurasa wa ndani, nikaufungua kuufuata.

Mume wangu akaja akakaa karibu yangu kwenye mkeka. Hakwenda kushangilia na wenzake. Alilitazama gazeti kwa upande aliokaa, lakini nilikuwa nimelikunja, hakuona kitu. Akangoja. Akajikuna shingo, akangoja tena.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Subiri," nikamwambia. "Nimalize kwanza."